Jina la Sita

Wewe umewahi kulifuta jina la mtu?

Usinijibu haraka. Sisemi kulifuta kwenye simu baada ya ugomvi wa mapenzi. Nasema jina lililoandikwa kwenye karatasi, na mwenye jina yu hai, amekaa hatua tatu kutoka ulipo. Fikiri kwanza. Mimi nitasubiri, kusubiri nakujua. Nimeishi Doha miaka kumi na moja.

Haya yalimpata mdogo wangu Sharifa, binti wa mama mdogo. Nayasimulia mimi kwa sababu yeye hataki kuyasema, na kwa sababu watu wetu wamekwisha kuyasimulia vibaya. Nimesikia eti jengo letu la Mansoura lilijengwa juu ya makaburi. Lilijengwa juu ya gereji. Nimesikia Sharifa alirogwa na mke mwenziwe. Sharifa hana hata mume. Mimi nimesomea takwimu Mlimani, na hadithi isiyo na tarehe wala namba hunikera kama ngoma ya jirani. Kwa hiyo nitakupa tarehe, na namba nitakupa. Namba yenyewe ni sita.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya Juni, mwaka 2014, kiasi cha saa tatu asubuhi. Jua lilikuwa limekwisha kuwa jeupe. Mimi na Sharifa tulipanga chumba kimoja kilichogawanywa kwa mbao, kitanda chake nyuma ya mbao, changu mbele, na kiyoyozi kimoja juu kikituhudumia wote kwa manung'uniko. Nilikuwa napiga pasi sare ya hoteli. Kazi yangu hapo hotelini ilikuwa kupanga zamu za wasafishaji wa vyumba. Shahada nzima, kupanga nani atandike kitanda kipi.

"Dada Mwanaisha," Sharifa akasema, "nimekuandikia vya dukani."

Alikuwa na wiki sita tangu atoke mahabusu. Alikuwa amekonda, lakini alianza kucheka tena, na wiki ile alikuwa ameanza kazi kwetu hotelini. Orodha aliiandika kwa herufi za Kiarabu, maana madrasa ilimkaa mkononi kuliko skuli, na Koya mwenye duka, Mhindi wa Kerala, huzisoma herufi hizo vizuri kuliko sisi. Nikaitazama kabla sijaikunja. Mchele, sukari, tui la kopo, vitunguu, sabuni ya unga. Mistari mitano, kalamu ya wino wa bluu.

Koya alipanga vitu mezani kimoja kimoja. Kisha akaigeuza karatasi kwenye mwanga, akaigeuza tena.

"Madam, hii ya sita mimi sina," akasema kwa Kiarabu chetu cha sokoni.

"Ya sita ipi? Vitu ni vitano."

"Hii hapa. Lakini hii si kitu cha duka. Hii ni jina la mtu." Akasoma polepole, kidole juu ya karatasi. "Mil-ka. Je-bet."

Nikaichukua. Mstari wa sita ulikuwepo, mwandiko wa Sharifa mwenyewe, na ile herufi mim yake anayoizungusha kama kitanzi. Ila ulikuwa wa kalamu ya risasi. Na ndani ya mkunjo wa karatasi mlikuwa na chembechembe za mpira wa bluu, kama zinazobaki mtu akifuta.

Nyumbani nikamwekea karatasi mapajani. Hakuigusa.

"Umeandika nini hapa?"

"Si mimi, dada."

"Mwandiko ni wako."

"Mwandiko wangu," akasema. "Lakini si mimi."

Sasa hapa lazima nikueleze Milka ni nani.

Sharifa alikuwa mfanyakazi wa ndani. Nyumba ilimshinda, akatoroka, mwajiri wake akamripoti kuwa mtoro, akakamatwa. Wakamweka kwenye kituo cha wanaosubiri kurudishwa makwao. Jina la kituo silitaji, na ukilijua halitakusaidia. Miezi mitatu, wanawake thelathini chumba kimoja. Kwa kuwa alijua kusoma na kuandika Kiarabu, walinzi walimfanya kiongozi wa chumba, cheo ambacho malipo yake ni kulala karibu na mlango. Kazi yake kubwa ilikuwa karatasi ya wagonjwa. Nesi alikuja Jumatatu na Alhamisi. Kabla hajaja, kiongozi huandika majina ya wanaoumwa, mlinzi huipeleka karatasi, na wanaoitwa ni waliomo tu. Usipokuwemo, hata ukianguka mlangoni, mlinzi hukwambia *mafi ism, mafi daktari*. Hakuna jina, hakuna daktari. Hasemi kwa ukali. Husema kama anavyokwambia duka limefungwa.

Kalamu za wino zilikatazwa mle, wakidai mtu anaweza kujidhuru nazo. Walipewa kalamu ya risasi, fupi kama kidole cha mtoto. Kifutio hawakupewa. Wakikosea, walifuta kwa soli ya ndala. Ndala za kituo zilikuwa za bluu.

Milka Jebet alikuwa Mkenya, wa upande wa Kapsabet, mtoro kama Sharifa, mwenye pumu tangu utotoni. Inhela yake ilizuiwa mapokezi pamoja na mkoba wake. Dawa haziingii vyumbani. Aliambiwa ataipata akiitwa kwa nesi. Na kwa nesi, umeshajua, mtu huitwa kwa karatasi.

Ungeuliza, basi si aandikwe tu? Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa ambalo mtu wa nje hawezi kulifanya, kwa kuwa hajui hesabu ya mle ndani. Mwezi wa nyuma Mhabeshi mmoja aliandikwa anakohoa. Wakubwa wakaogopa kifua kikuu. Chumba kizima kikafungwa siku ishirini na moja kwa uchunguzi. Hakuna kuingia wala kutoka. Aliyekuwa na tiketi, tiketi ikampita. Aliyekuwa na barua ya kuachiwa, barua ikafa mkononi. Tangu siku hiyo wanawake wale walikohoa ndani ya mito. Maumivu ya tumbo yaliandikwa, jino liliandikwa, hata ukichaa uliandikwa. Kifua, hapana.

Na Sharifa alikuwa na barua. Mimi ndiye niliyeipata. Miezi mitatu nilizunguka maofisi, nikambembeleza mwajiri wake wa zamani amwachie, nikaibembeleza hoteli imchukue. Barua ile ilipaswa kugongwa muhuri Alhamisi, yeye mwenyewe akiwepo. Ikipita Alhamisi, anapandishwa ndege, na haji tena.

Jumatatu ya wiki hiyo Milka alimwendea Sharifa, akamwambia, "Niandike, dadangu. Leo pumzi hainipiti." Sharifa akamwandika, wa sita na wa mwisho. Kisha akafuta.

Katikati ya kuandika na kufuta alinipigia simu. Walikuwa na dakika kumi kila mmoja. Tulizungumza mambo ya kawaida.

Milka alikufa Jumatano, baina ya adhuhuri na alasiri, watu wakiwa macho, jua likiwaka dirishani. Aligonga mlango. Mlinzi akatazama karatasi ya Jumatatu, akasema hayumo. Akagonga tena. Sharifa anasema mwisho hakuwa anagonga kwa mkono, alikuwa ameuegemeza uso mlangoni, anavuta hewa ya upenyo wa chini. Alhamisi Sharifa akagongewa muhuri, akatoka. Chumba hakikufungwa. Mwenye kifua hakuwemo kwenye karatasi, na kwa sheria ya pale aliyekufa hakuwahi kuumwa.

Hayo yote nilikuwa nayajua ile Ijumaa ya duka la Koya. Nikaichana karatasi. Nikamwambia Sharifa ni uchovu, kwamba mkono una kumbukumbu zake. Nilisema kwa lugha ya kitaalamu. Sharifa akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama mtu anayesikiliza utabiri wa hewa wa mji mwingine.

Jumapili akaandika majina ya wanawake wa kuwaalika kusoma hitma. Watano. Nilisimama nyuma yake nikimtazama. Alipoinua kalamu walikuwa watano. Nikaenda jikoni kuzima moto, nikarudi. Walikuwa sita.

Akaacha kuandika kabisa.

Kikafuata kiyoyozi. Nimekwambia kilikuwa na manung'uniko. Wiki ile manung'uniko yakageuka. Yakawa na mpigo, kuvuta na kutoa, na katika kutoa mna kimluzi chembamba, kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Nikamwita fundi wa jengo. Akakifungua, akakipuliza, akakifunga, akasema kizima.

Jumatano saa nane mchana umeme ulikatika jengo zima. Kiyoyozi kikazima. Jokofu likazima. Mansoura nzima ikanyamaza kwa dakika ile moja kabla watu hawajaanza kulaani. Nilikuwa nimekaa kitandani na kitabu.

Kuvuta. Kutoa. Kimluzi.

Kilikuwa kinatoka nyuma ya mbao. Sharifa alikuwa kazini.

Sikwenda kutazama. Unaweza kuniita mwoga, ila elimu yangu haikuwa na somo hilo. Nilivaa baibui nikateremka ngazi, nikasimama juani digrii arobaini na sita mpaka umeme uliporudi. Nilipopanda juu shuka za Sharifa zilikuwa zimetandikwa kama alivyoziacha. Kwenye sakafu, chini ya upenyo wa mlango wetu, kwa ndani, palikuwa na alama ya unyevu. Duara dogo. Mahali mtu angeweka mdomo.

Bado nilikuwa naamini ni mambo ya Sharifa. Aliyefuta ni yeye, mkono ni wake. Nilimhurumia, tena kwa moyo mweupe, kama anavyohurumiwa mgonjwa na mtu mwenye afya.

Jumatatu iliyofuata, hotelini, Benard akanijia dawatini. Benard ni Mkisii, msimamizi wa ghorofa ya nne, mtu wa mizaha mingi.

"Madam Mwana, unaniajiria watu kimyakimya siku hizi?"

"Watu gani?"

"Huyu Milka. Namba sita kwa orodha yako. Umempatia vyumba vyote vya upande wa bahari na hata hujanitambulisha."

Orodha za hotelini naziandika mimi, kwa kompyuta. Sharifa hajui hata kuiwasha. Nikafungua faili mbele yake. Nilikuwa nimepanga watano ghorofa ya nne. Walikuwa sita.

"Nilikosea kunakili," nikamwambia. "Hakuna mtu kama huyo."

Benard akacheka, kisha akaacha kucheka. "Vipi hakuna mtu? Vyumba vimefanywa, Madam. Vitanda safi kabisa, mashuka yamevutwa mpaka sarafu inaruka. Ila mwambie asifungue madirisha, wageni wanalalamika vumbi. Amefungua yote."

Madirisha ya hoteli yetu ni vioo vilivyopachikwa ukutani. Hayana komeo. Hayakutengenezwa yafunguke.

Sharifa akasema twende kwa Mwalimu Khalfan. Mimi mambo ya waganga huwa nayacheka, na nikiyacheka nataja na vitabu. Siku ile sikucheka.

Mwalimu Khalfan ni Mpemba, yuko Al Wakrah. Siku za kazi huendesha basi la skuli, na Ijumaa baada ya alasiri huwasomea watu. Si tapeli, hapokei kitu. Alitukaribisha barazani kwake, akatoa sahani nyeupe ya udongo, zafarani na maji ya waridi, aandike kombe, aya za kuoshwa kwa maji Sharifa azinywe. Aliandika polepole, midomo ikisoma. Mimi nikahesabu, maana kuhesabu ndiyo sala yangu. Mistari mitano. Akaweka kalamu ya mwanzi, akamimina maji ya waridi, akaizungusha sahani.

Mistari ikayeyuka, mmoja, wa pili, mpaka wa tano. Maji yakawa ya manjano.

Chini ya maji palibaki mstari mmoja.

Mwalimu akausugua kwa kidole gumba. Akausugua tena. Haukutoka. Na haukuwa wa zafarani. Ulikuwa wa kijivu.

"Miaka thelathini nimewaondoa wenye pembe na wasio na pembe," akasema, kwa sauti ya chini sana. "Huyu simwondoi. Huyu hakuingia kwa mtu. Yuko kwenye foleni."

"Foleni ya nini, Mwalimu?" Sharifa akauliza.

"Anangoja aitwe." Akaiweka sahani mkekani. "Walomwondoa ndio wa kumrudisha. Waseme, kwa mwenye haki ya kusikia. Mimi hapo sina dawa." Kisha akanigeukia mimi. "Mwanangu, kombe hili ulisema anywe nani?"

"Sharifa."

"Ah." Akaitazama sahani. "Basi mbona maandishi haya yamekuelekea wewe?"

Nikatazama. Ilikuwa kweli. Sharifa aliyekaa kushoto angeyaona ubavuni, Mwalimu angeyaona juu chini. Mimi ndiye niliyeweza kuyasoma.

Tulirudi kwa teksi. Tulipokaribia Mansoura Sharifa akasema, "Dada, mimi nitasema."

"Utamwambia nani? Polisi? Wakurudishe mle mle?"

"Yeyote atakayeuliza."

"Hakuna atakayeuliza," nikamwambia. Nilikuwa na hakika. Kwa takwimu, watu hawaulizi.

Siku ya pili yake, Jumamosi, saa tisa mchana, mlango ukabishwa.

Alikuwa mwanamke mrefu, sare ya nesi chini ya shuka la kujikinga na jua, miwani, mkoba kifuani. Akasema jina lake Jeptoo, nesi, anamtunza mzee wa familia moja hapa hapa Doha. Kuna mwanamke aliyeachiwa kutoka chumba kile alimwelekeza. Alimwambia kiongozi wa chumba alikuwa Mzanzibari, jina lake Sharifa, yeye ndiye aliyekuwa akiandika majina.

"Mimi ni dadake Milka," akasema. "Mkubwa wake. Nikiwa hapa hapa Doha, dakika ishirini kwa gari, na sikujua ako ndani hadi walipopiga simu nikachukue mwili."

Nikamkaribisha. Nikampa kiti chenye mto. Nikaweka chai ya maziwa na vileja. Sharifa alikaa ukingoni mwa kitanda changu, mikono mapajani.

"Mimi si polisi, sister," Jeptoo akamwambia. "Sina kesi na mtu. Nilijaribu kesi, wakaniambia niandike barua, nikaandika, wakasema niandike ingine. Nimeacha. Nataka tu kitu moja ya kumwambia Mum."

Akatoa karatasi mbili na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa gundi. Karatasi ya kwanza ilikuwa ripoti. Akaitafsiri bila kuitazama, inaonekana alikwisha kuihifadhi. Marehemu hakuwahi kulalamika ugonjwa wowote. Ya pili ilikuwa orodha yenyewe ya wagonjwa ya ile Jumatatu, karani mmoja mwenye huruma alimtolea. Majina matano, ya mwandiko ninaoujua. Ndani ya mfuko mlikuwa na inhela ya Milka.

"Hii ina kihesabio," akasema, akanionyesha kidirisha kidogo. "Mia mbili. Ilikuwa mpya. Haikutumika hata mara moja, na iko kwa droo mita hamsini kutoka kwake." Akaiweka mezani. "Mum anasema hivi. Milka alikuwa mtu wa kelele. Akikosa pumzi usiku nyumba yote inaamka. Sasa kama hakuitisha dawa, basi alitaka kwenda. Alituamulia. Mum hajaenda kwa kaburi, sister. Hataki jina lake litajwe kwa maombi. Anasema mtoto ameondoka akiwa amemkasirikia." Akavua miwani. "Kwa hivyo nauliza tu. Aliitisha ama alinyamaza?"

Sharifa akafungua mdomo.

"Kule ndani mambo ni mengi, dada'ngu," nikawahi mimi. "Wanawake thelathini. Kila mtu na lake. Huyu mwenyewe alikuwa mgonjwa siku hizo, hakumbuki vizuri. Kunywa chai, inapoa."

Nilisema kwa sauti ile ile niliyoizoea kwa wapokeaji wageni wa hotelini, ya kumtuliza mtu aliyekosa maji ya moto. Mimi, nisiyevumilia unafiki.

Kiyoyozi kikazima.

Umeme haukukatika. Taa ya jokofu ilikuwa inawaka. Kiyoyozi peke yake ndicho kilichonyamaza.

Kuvuta. Kutoa. Kimluzi.

Jeptoo akainua kichwa. Hakuogopa, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alifanya kile anachofanya nesi. Alitazama saa ya mkononi, midomo ikihesabu.

"Nani ako nyuma ya hiyo mbao?"

"Hakuna mtu," nikasema.

"Kuna mtu. Na amezidiwa." Alikwisha kusimama. "Hiyo ni pumzi arobaini kwa dakika. Huyo hawezi kungoja."

Akapita nyuma ya mbao. Tukamsikia akisimama. Pumzi tu. Kisha tukamsikia akipiga magoti, na akasema jina, mara moja, kwa sauti ya kumwamsha mtoto.

Akarudi kuchukua mfuko. Akauchana kwa meno. Akarudi nyuma ya mbao. Akaitikisa inhela. *Pss.*

Tukangoja.

Kuvuta. Kutoa. Kimluzi. Hakikupungua.

*Pss*, tena. Hakikupungua.

"Haiingii," Jeptoo akasema kutoka huko. Sauti yake ilikuwa imevunjika sasa. "Haiingii. Si dawa anataka."

Sharifa alikuwa amenishika mkono. Alikuwa anatazama mezani. Nikatazama.

Ile karatasi ya karani. Majina matano. Chini yake, mahali palipokuwa peupe, palikuwa na namba sita. Namba tu, ya kalamu ya risasi. Mbele yake hapakuwa na kitu. Na juu ya karatasi, juu ya kitambaa cha meza, mpaka kwenye kisahani changu cha chai, chembechembe za mpira wa bluu. Karatasi ile ninayo mpaka leo. Nimeipeleka kwa watu wawili wanaojua mambo ya karatasi, na wote wamesema namba hiyo ni ya siku moja na majina yale matano, mkono mmoja, kalamu moja.

"Dada," Sharifa akaninong'oneza. "Niseme?"

Pumzi ilikuwa imesogea. Haikuwa nyuma ya mbao tena. Ilikuwa karibu. Ilikuwa karibu sana. Jeptoo alitokea, akasimama, na hakutazama kitanda wala mlango. Alinitazama mimi. Alinitazama kifuani.

Nikaweka mkono.

Kifua changu kilikuwa kinapanda na kushuka. Kimluzi kilikuwa kinatoka mdomoni mwangu. Sijawahi kuwa na pumu maisha yangu yote. Nilivuta, na hewa haikuja. Nikavuta tena. Chumba kikawa chembamba. Nikaona upenyo wa mlango, ule mstari wa mwanga wa chini, na nikataka kwenda kulaza uso wangu pale.

Jumatatu ile simu ililia nikiwa dawatini. Sharifa alisema, dada, kuna mwenzetu hapumui vizuri, nimemwandika. Nikamuuliza, kifua? Akasema kifua. Na mimi, mwenye kujua hesabu, nikahesabu. Jumatatu mpaka Alhamisi, siku tatu. Nikamjibu bila kuacha kuandika zamu. Yale ndiyo mambo ya kawaida tuliyozungumza.

Hewa iliyobaki kifuani ilikuwa ya sentensi moja, pengine mbili. Nikamtazama Jeptoo machoni.

"Aliitisha," nikasema. "Aliitisha, akaandikwa, namba sita. Mimi ndiye niliyemwambia Sharifa amfute."